Omena wa Bondo: Riziki Ndogo Yenye Haki Kubwa



 Juma hili twaomba ruhusa ya kuiacha bahari yetu kidogo na kuelekea magharibi, hadi ufuoni mwa ziwa. Twafuata kitu ambacho katika nyumba zetu nyingi tayari kimo jikoni: kile kipimo cha dagaa wakavu ambacho mama hununua Kongowea, au katika duka la mtaani, siku ambayo fedha za nyama hazikutimia. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba dagaa wote ni wa bahari hii yetu. Sivyo. Uono na simu ni wa kwetu. Lakini wale wembamba wenye kung'aa kama fedha, wauzwao kwa jina la omena, wametoka katika maji matamu ya Ziwa Viktoria.

Katika Surat Fatir, aya ya 12, zimetajwa bahari mbili, moja ya maji matamu na nyingine ya maji ya chumvi, na tumekumbushwa kwamba kutoka zote mbili twapata kitoweo. Sisi wa pwani aghalabu huifikiria ile ya chumvi peke yake. Basi leo na tuitazame ile ya pili, na riziki yake iliyo ndogo kuliko zote.

Mwishoni mwa mwezi wa Machi tulikuwa Bondo, katika kaunti ya Siaya, wageni wa familia moja ya Kiislamu iliyooa binti kutoka kwetu. Asubuhi moja, baada ya swala ya alfajiri, mwenyeji wetu alituchukua hadi Usenge, mahali ambapo nchi kavu hukoma na kisiwa cha Mageta huonekana mbele kama kobe aliyelala. Mashua zilikuwa zikirejea. Wanawake walikwisha kufika kitambo, kila mmoja na karai na beseni lake, kanga zimefungwa viunoni, macho majini. Hakuna aliyekuwa akipiga soga. Tulipouliza sababu ya ukimya ule, mwenyeji wetu alijibu kwa ufupi: "Zimebaki siku nne."

Siku nne za nini, tutaeleza. Kwanza na tumjue samaki mwenyewe.

Samaki na makao yake

Wajaluo humwita omena. Ndugu zetu wa Mwanza na Bukoba humwita dagaa, na Waganda humwita mukene. Wataalamu humwita Rastrineobola argentea, na neno hilo la pili lina maana ya kitu cha fedha, kwa ajili ya magamba yake. Aliandikwa katika vitabu vya elimu ya samaki mwaka 1904, ingawa wakazi wa ufuo walimjua na kumla kabla ya hapo. Urefu wake hauzidi sentimita 9 hivi, na wengi wavuliwao hawafiki hata urefu wa kidole cha shahada. Hana undugu na uono wetu. Yeye ni wa ukoo wa samaki wa maji matamu, ukoo ule ule wa kuyu na ningu wa mitoni.

Ziwa lenyewe ni kubwa mno, kiasi cha kilomita za mraba 68,800, lakini Kenya ina fungu dogo tu, takribani asilimia 6. Juu ya ukubwa huo wote halina kina cha kutisha: pale palipo na kina zaidi ni mita 80 hivi. Omena huishi katika maji hayo kwa mpango wa ajabu. Mchana hushuka chini, mbali na mwanga na mbali na ndege. Jua likizama, hupanda juu kufuata chakula chake, yaani wale wadudu wadogo wa majini ambao jicho huwaona kama vumbi, pamoja na mabuu ya wale nzi wa ziwani ambao hupanda angani kama moshi. Watoto wa omena hukaa karibu na ufuo, katika maji machache. Wakikua huelekea ndani. Hutaga karibu mwaka mzima, hukomaa kabla ya kutimiza mwaka, na umri wake wote ni mfupi.

Ufupi huo wa umri ndio uliomwokoa. Katika miaka ya 1950 na iliyofuata, samaki mkubwa mlaji wa wenzake, mbuta, aliletwa katika ziwa hili. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa ameenea kila mahali, na aina nyingi, kwa mamia, za samaki wadogo waitwao fulu zikatoweka. Ngege, samaki aliyekuwa fahari ya meza za Nyanza, alitoweka karibu kabisa katika ziwa kuu. Leo bado hupatikana katika Ziwa Kanyaboli, lililojificha ndani ya mafunjo ya Yala, si mbali na Bondo. Omena hakutoweka. Alichukua chakula kilichoachwa na fulu, akaanza kukomaa akiwa na umbo dogo zaidi kuliko zamani, akazaa kwa haraka zaidi. Leo, kwa uzito, ndiye anayeongoza katika mavuno ya ziwa zima.

Na si mwanadamu peke yake amtegemeaye. Mbuta wachanga humla. Yangeyange na mnandi humngoja. Yule mdiria wa madoa meusi na meupe, ambaye hapo kale alikuwa akila fulu, aligeukia omena fulu walipopungua. Ukimwondoa omena, utakuwa umeing'oa nguzo ambayo paa zima limeiegemea.

Mfano wake umekwisha kuonekana mbali na kwetu. Katika bahari za baridi kali za kaskazini, baina ya Norwei na Urusi, yuko samaki mdogo aitwaye kapelini, naye mla vumbi la majini, naye chakula cha samaki wakubwa, nyangumi na ndege. Katikati ya miaka ya 1980 kapelini alipungua ghafla. Samaki wakubwa wakakonda na kuanza kulana wenyewe kwa wenyewe, na ndege wa majabali ya visiwa vya kule wakafa kwa njaa kwa makundi. Bahari ile ni ya barafu na ziwa letu li juu ya mstari wa ikweta. Lakini sheria ni moja. Mdogo akianguka, mkubwa hasimami.

Kalenda ya mwezi

Sisi tuliozoea kuutazama mwezi kwa ajili ya Ramadhani na Idi, tulifurahi kuona kwamba watu wa ufuo wa Bondo nao huutazama, kwa sababu nyingine. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu za jua. Taa huelezwa juu ya maji kwa vyelezo, wadudu wakajikusanya chini ya mwanga, omena wakawafuata wadudu, kisha wavuvi wakazungusha wavu polepole. Ukiwa ufuoni usiku wa giza utaona taa nyingi mno majini, utadhani mji mwingine umejengwa kule ndani.

Lakini hila hiyo haifai mbalamwezi inapowaka. Mwanga wa mbinguni huishinda taa ya mwanadamu, omena hutawanyika. Kwa hiyo mwezi unapokaribia kutimia, mashua hupumzishwa. Zile tarehe 13, 14 na 15, ambazo wengi wetu huzifunga kwa jina la siku nyeupe, kule ufuoni ni siku za kushona nyavu na kulala. Mwenyeji wetu alituambia kwamba mkewe, binti yetu wa pwani, alipoolewa kule aliwashangaza majirani kwa kuijua hesabu ya mwezi kuliko wavuvi wenyewe.

Ndani ya hesabu hiyo mna rehema. Samaki hupata usiku kadhaa wa amani kila mwezi. Lakini hautoshi, na hapo ndipo zinapokuja zile siku nne.

Miezi minne ya kufunga ziwa

Kila mwaka, tangu tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai, uvuvi wa omena hufungwa katika upande wa Kenya, ili samaki wapate kuzaa na wachanga wapate kukua. Kanuni zakataza pia nyavu zenye matundu ya chini ya milimita 10, maana wavu wa matundu madogo zaidi, na hasa ukikokotwa karibu na ufuo, huzoa watoto pamoja na wazazi.

Sisi hatuna ugomvi na kanuni hizi. Dini yetu imetufundisha kutokufanya israfu hata tukiwa kando ya mto utiririkao. Seuze ziwa lililochoka. Na ziwa limechoka kweli. Udongo wa mashambani, mbolea na maji machafu ya miji huingia kila masika. Ukungu wa kijani huota. Na majani hayo yakifa na kuoza, hewa ya chini ya maji hupungua, samaki wakakosa pa kupumulia. Gugu maji, lililoingia upande wetu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, hadi leo huziba ghuba kwa majuma kadhaa na kuwazuia wavuvi wasitoke. Mafunjo ya Yala, ambayo huchuja tope la mto kabla halijafika ziwani, yamepungua kwa kulimwa. Anayetaka omena wa kesho hana budi kukubali kumwacha wa leo.

Lakini ni haki kuuliza: mzigo wa kumwacha huyo waangukia bega la nani?

Kule ufuoni tuliketi na mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne na mama mkwe wa kumtunza. Alikuwa amenunua karai tatu asubuhi ile, akawatandaza omena juu ya wavu mkuukuu, akiwageuza kwa ufagio wa njukuti. Tulimwuliza atafanya nini ziwa likifungwa.

"Wageni wangu," akasema, "mwenye mashua atashona nyavu, kisha atavua mbuta. Mwenye duka ana duka. Mimi nina jua hili na samaki huyu. Nikijaza magunia sita kabla ya Aprili, watoto watarudi shule muhula wa pili. Nikijaza manne, mmoja atakaa nyumbani. Mpaka leo nimejaza matatu na nusu."

Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa akihesabu. Nasi tukafahamu kwa nini wanawake wale hawakuwa wakipiga soga.

Jambo zito lisilotajwa

Ndugu wasomaji, lipo jambo ambalo tulijadiliana kabla ya kuliandika, kwa kuwa jarida hili husomwa na familia nzima. Tumeona kulinyamazia ni kuwadhulumu wanaoonewa, basi tutalisema kwa adabu.

Samaki wanapokuwa wachache na wanunuzi wengi, mwenye mashua huwa na uwezo wa kuchagua amuuzie nani. Katika fuo nyingi za ziwa uwezo huo umegeuzwa kuwa dhuluma: mwanamke hutakiwa atoe, juu ya fedha, kile kisichouzwa, ndipo apewe samaki. Desturi hiyo ina jina lake kule, huitwa jaboya. Imevunja nyumba, imeeneza maradhi, na imewaacha mayatima. Walio hatarini zaidi ni wajane na wasichana wasio na mtaji, yaani wale wale ambao Uislamu umetuamrisha kuwa walinzi wao.

Ni wepesi sana kwetu, tulio mbali, kumnyoshea kidole mwanamke. Mama yule mjane alitufundisha kutazama upande wa pili. Yeye na wenzake watano waliunda chama. Kila juma huweka akiba kidogo, na kwa akiba ile humlipa mwenye mashua mmoja kabla hajaingia majini: fedha ya mafuta, ya taa na ya posho ya wavuvi. Mashua inaporudi, samaki wa chama ni wa chama. Hakuna anayemwomba mtu hisani. "Fedha taslimu ina heshima yake," alisema. Huko Nduru, upande wa kaunti ya Kisumu, wanawake walikwenda mbele zaidi: tangu mwaka 2011 walianza kumiliki mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume kuvua. Mashua nyingine zilichakaa, na mwaka 2020 ziwa lilipofurika kuliko ilivyowahi kupimwa, mafuriko yaliwahamisha makwao. Hata hivyo walikwisha kuuonyesha ulimwengu kwamba dhuluma ile haikuwa majaaliwa. Ilikuwa upungufu wa mtaji.

Hilo latuhusu. Kila mwaka twatoa zaka na sadaka, na nyingi huishia katika mafungu ya siku moja: kilo ya unga, kipande cha kitambaa. Ni kheri, na Mwenyezi Mungu aikubali. Lakini mwanamke mmoja akiwezeshwa kununua samaki wake kwa fedha taslimu, amelishwa yeye na watoto wake, na heshima yake imehifadhiwa juu ya hayo. Kukopesha bila riba kwa kikundi cha wajane ni ibada ambayo mikono yetu ya pwani yaiweza.

Sahani ya mtoto na kibanda cha kuku

Tulidhani tumekwisha kuelewa, mpaka gari la mizigo lilipofika. Lilikuja kuchukua omena wa daraja la chini, wale walionyeshewa au kuchanganyika na mchanga. Hawakuwa wakienda sokoni, bali kiwandani, wakasagwe chakula cha kuku na cha samaki wafugwao. Sehemu kubwa ya omena huishia huko. Mnunuzi wa kiwanda hachagui sana, hulipa mara moja, na huchukua vyote. Kwa mama mwenye haraka ya kujaza magunia, ni vigumu kumkataa.

Hatusemi kwamba kufuga kuku ni kosa; wengi wenu mnafuga, nasi pia. Twasema tu kwamba hesabu hii yafaa kutazamwa. Omena mkavu ana utomwili unaozidi nusu ya uzito wake. Kwa kuwa huliwa mzima, pamoja na miba na kichwa, humpa mtoto chokaa ya mifupa, madini ya chuma ya kuongeza damu, na zinki ya kumkuza. Minofu ya samaki mkubwa wa bei ghali, iliyochunwa na kutolewa miba, haina chokaa kama hiyo. Mjamzito, mama anyonyeshaye, na mtoto aliyeanza kula: hao watatu ndio wenye haki ya kwanza kwa omena. Nao, katika vijiji vya ufuo huo huo, huweza kukosa, ilhali kuku wa mjini ameshiba.

Taifa la Peru, kule Amerika ya Kusini, lina samaki mdogo wa bahari ya baridi, jamaa ya uono wetu, ambaye kwa miaka mingi karibu wote wamesagwa kuwa chakula cha mifugo ya nchi za nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walimvua kupita kiasi, maji yakabadilika joto, na samaki akaanguka kwa kishindo. Maelfu wakapoteza kazi. Sisi bado tuna nafasi ya kujifunza kwa aliyetangulia kujikwaa. Watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe, Nairobi, wamekuwa wakifundisha wafugaji kuotesha mabuu ya nzi kwa taka za jikoni, yawe badala ya dagaa katika chakula cha kuku. Mfugaji asikiaye haya asikunje uso. Kuku hula mabuu kwa furaha kuliko sisi tulavyo pilau.

Kwa akina mama jikoni

Sasa turudi nyumbani. Tumepokea mara kwa mara swali hili kutoka kwa dada zetu: je, omena yafaa kuliwa pamoja na matumbo yake, maana hawezekani kupasuliwa mmoja mmoja? Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilizungumza jambo hili zamani, wakasamehe kilichomo tumboni mwa samaki mdogo kwa sababu ya uzito wa kumsafisha. Dini ni wepesi. Anayetaka maelezo zaidi na amwulize imamu wa msikiti wake. Na aliyekuta ndani ya omena mnyoo mweupe mfano wa utepe asitaharuki: mnyoo huo humaliza maisha yake ndani ya ndege walao samaki. Mtoe, osha, kaanga au pika mpaka iive barabara.

Katika kununua, tazama mambo manne. Rangi iwe ya fedha yenye kung'aa. Wakigeuka manjano au hudhurungi, mafuta yao yamekwisha kuharibika. Harufu iwe ya samaki mkavu, isiwe ya uvundo wala ya dawa ya kuulia wadudu. Shika konzi moja, usugue, utazame kiganja: mchanga mwingi ni dalili kwamba walianikwa chini. Mwisho, vunja mmoja: aliyekauka vizuri hukatika kwa sauti, na aliye na unyevu hupinda na karibuni ataota ukungu. Wale walioanikwa juu ya vichanja vya wavu ni safi zaidi na bei yake huzidi kidogo. Tafadhali msione uzito kuilipa. Ziada hiyo ndiyo inayompa mama wa Usenge sababu ya kujenga kichanja cha pili, na kutomuuzia mwenye kiwanda.

Katika kupika, waloweke katika maji ya moto kwa dakika chache, wasugue taratibu, umwage maji, urudie mpaka maji yawe safi. Kule Bondo binti yetu aliwakaanga kwa vitunguu na nyanya, kisha, kwa kuwa hajasahau kwao, akatia tui la nazi aliyotumiwa na mama yake, bizari kidogo na maji ya ukwaju. Baba mkwe wake, ambaye alizoea omena wa maziwa na ugali, alikula kimya mpaka sahani ikabaki nyeupe, kisha akauliza kama nazi hazioti Siaya. Kwa watoto wachanga, kaanga omena wakavu bila mafuta, wasage wawe unga laini, na utie kijiko kimoja katika uji. Mtoto hatajua, lakini mifupa yake itajua.

Haki ya kilicho kidogo

Tuliondoka Bondo tarehe 30 Machi. Mama yule mjane alikuwa amejaza gunia la tano na kuanza la sita. Sisi tulinunua nusu gunia kwake kwa bei aliyoitaja, bila kupunguziwa, na tulipomwomba atupe anwani ya kuagizia mengine, alitutazama kwa mshangao wa mfanyabiashara aliyepata soko asilolitegemea. Kuna familia tatu za mtaani kwetu zimekwisha kukubaliana nasi kwamba kuanzia Agosti, ziwa likifunguliwa, tutachanga na kulipia kabla, ili magunia yaje moja kwa moja kutoka kwa chama chake. Si jambo kubwa. Lakini chama cha wanawake sita kikiwa na wanunuzi wa hakika, hakitakuwa na haja ya kumbembeleza mtu ufuoni.

Nanyi wasomaji wetu twawaomba mambo matatu yaliyo katika uwezo wenu. Kwanza, wakati wa Aprili hadi Julai, mkipewa omena wabichi wa magendo kutoka upande huu wa ziwa, wakataeni. Samaki aliyevuliwa katika miezi hiyo ni mbegu iliyoliwa. Wale wakavu waliohifadhiwa kabla ya hapo hawana tatizo, na kuwanunua katika miezi hiyo ni kumsaidia mama aliyewaweka akiba. Pili, msiwaite dagaa chakula cha masikini mbele ya watoto wenu. Mtoto akisikia hivyo, ataona haya kula kile ambacho mwili wake wakihitaji kuliko soseji ya dukani. Tatu, katika vikundi vyenu vya akina mama, mnapogawa sadaka, kumbukeni kwamba yuko mjane afanyaye kazi tangu alfajiri, ambaye haombi chakula bali mtaji.

Omena ni mdogo kiasi kwamba mtu humla kumi kwa tonge moja bila kuwahesabu. Lakini kila mmoja wao alipanda kutoka kina cha ziwa usiku wa giza kufuata riziki yake, akakutana na taa ya mtu aliyefuata riziki yake, akaanikwa na mwanamke aliyetafuta riziki ya wanawe, hata akafika mezani petu. Tukisema Bismillahi, na tuikumbuke safari hiyo yote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu alibariki ziwa na bahari, awalinde wavuvi majini na wake zao ufuoni, awatazame wajane na mayatima kwa jicho la rehema, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaokula kwa shukrani bila kufuja. Tukutane juma lijalo, inshaallah.